Mtihani wa Kucheza

Kama kuna kazi ya kumwotesha mtu mvi kabla ya wakati wake, basi ni kazi ya kukaa sakafuni ukimtazama mtoto akisukuma kigari, huku walimu wenzako wanakuchungulia dirishani na kucheka. Mshauri wa wanafunzi alikuwa akiifanya kazi hiyo tangu mwaka wa shule uanze. Wenzake walimwita Mama Midoli, mbele yake wakitabasamu, nyuma yake bila kutabasamu. Alikuwa amepewa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, akakipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, akaweka mkeka, viti vitatu, sanduku la mchanga, wanasesere, matofali ya mbao na vigari. Watoto waliobeba mambo mazito kuliko umri wao walikuja pale kucheza, mmoja mmoja, naye akakaa nao. Mtoto akishindwa kusema kwa mdomo husema kwa kucheza; hilo alikuwa amelisomea na cheti anacho. Lakini nenda ukawaeleze walimu hilo wakati wa chai. Ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mmoja alimletea wanafunzi waliochelewa namba ya asubuhi, wakae kwake kama adhabu. Mwingine alimletea waliofaulu, wacheze kama zawadi. Wa tatu aliazima matofali ya mbao ili afundishie hesabu, akayarudisha yameandikwa namba kwa wino usiofutika, na bado akasubiri ashukuriwe. Mwalimu mkuu naye, mtu wa suti na tai hata jua likiwaka vipi, alimwita ofisini akamtaka atunge mtihani.

"Mtihani wa nini, mwalimu mkuu?"

"Wa kucheza. Nitajuaje nani kacheza vizuri na nani kafeli?"

"Hakuna anayefeli kucheza."

"Basi hilo si somo."

"Sikusema ni somo."

"Sasa kwa nini limo kwenye ratiba?"

Mshauri akaaga, akaenda chooni akausema ukuta mpaka moyo ukatulia kidogo.

Kati ya watoto wake wote, aliyemkosesha raha zaidi alikuwa msichana mmoja wa darasa la pili. Mama yake alifariki wakati wa likizo ndefu, na shule ilipofunguliwa mtoto alirudi na sare yake, mkoba wake na viatu vyake, ila sauti hakurudi nayo. Nyumbani, baba yake alisema, aliomba maji, alikataa uji, basi. Shuleni hakusema hata hayo. Ukimwita alikutazama, ukimgusa alijikunja, na akisukumwa kwenye foleni ya bomba aling'ata. Wenzake wakampa jina la Meno, na jina likashika kama gundi.

Katika chumba cha kucheza Meno alichagua kigari kimoja, akakiweka kwenye sanduku la mchanga, akakiendesha. Kilizunguka sanduku zima, kikapita kona zile zile, kikazunguka tena. Hakikusimama. Muda ukiisha alikiacha palepale kilipo, katikati ya njia, na wiki iliyofuata alikichukua hapo hapo akaendelea. Mshauri alikaa pembeni na kusema anachokiona, maana ndivyo kazi hii inavyofanywa. Humuulizi mtoto maswali, humfundishi, humsifu wala humkosoi, unamfuata tu na kumwonyesha kwamba umemwona. "Gari linakwenda," alisema. "Limepita kona. Linaendelea tu." Ukuta ulikuwa mwembamba, na darasa la jirani walisikia kila neno. Ikawa mzaha wa chai kwa muhula mzima kwamba Mama Midoli analipwa mshahara wa kutangaza hali ya barabara.

Angeuvumilia mzaha huo mpaka astaafu. Ila wiki hiyo Meno alimng'ata mwalimu wa darasa.

Mwalimu wa darasa, aliyefundisha hapo jirani, alikuwa mama wa makamo mwenye methali kwa kila kosa. Alileta mkono wake ofisini kwa mwalimu mkuu kama mtu anayeleta kuku aliyegongwa na gari. Alama za meno zilionekana, hilo halikuwa na ubishi.

"Nilimsemesha vizuri tu," alisema. "Hakusalimia, nikamwambia, wewe mtoto, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikamwonyesha kidole. Akakidaka."

Mshauri, aliyekuwa ameitwa pale, alidhani masikio yake yamemdanganya. "Ulimwambia methali hiyo? Yeye?"

"Ina nini? Ni methali."

"Mtoto hana mama, mwalimu!"

"Najua hana. Na mimi nilikwenda msibani. Lakini methali ni methali, haimtaji mtu."

Kuna wakati mtu husikia hasira mpaka kwenye kucha. Mshauri alimgeukia mwalimu mkuu akitarajia msaada, akamkuta ameshajiegemeza kitini na uso wa kutoa hukumu. Hukumu ilikuwa fupi. Shule haikujengwa kwa watoto wa kung'ata. Iko shule nyingine, ya watoto wasiosema, mbali kidogo, ni ya bweni, na wanapokea mtoto wakati wowote.

"Huyu si bubu!" mshauri alisema. "Anaomboleza. Mkimtoa nyumbani kwake sasa hivi, mkamlaza bweni na watu asiowajua, mtampoteza kabisa."

"Basi nionyeshe maendeleo. Ijumaa mchana nitakuja chumbani kwako. Akinipa shikamoo moja tu, atabaki. Asiponipa, Jumatatu anahama."

"Mwalimu mkuu, mtoto hafunguki kwa tarehe."

"Umekataa kutunga mtihani," alisema mwalimu mkuu, akiridhika na nafsi yake. "Nimekutungia."

Mshauri akaona hana njia ila kumwita baba. Alishamwita mara nyingi, naye kila mara alituma salamu kwamba yuko barabarani. Hakuwa akidanganya. Alikuwa mwalimu wa udereva, kutwa yumo ndani ya gari lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, ameketi kiti cha kushoto, wanafunzi wakimtia wazimu, mguu wake juu ya kile kikanyagio cha pili cha breki ambacho magari ya kufundishia huwa nacho upande wa mwalimu. Wanafunzi walimwita Breki. Jumatano hiyo alikuja, ameegesha gari nje sambamba kabisa na ukuta, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani ameunyoosha mgongo.

Mshauri alimweleza kanuni taratibu. Mtoto ndiye anayeongoza. Usimfundishe. Usimuulize. Usimkosoe. Fuata tu.

"Nimeelewa, mwalimu," alisema baba. "Rahisi."

Meno aliingia, akamtazama baba yake, akatazama kigari, akapiga magoti. Gari likaanza kuzunguka. Halikufika kona ya pili.

"Kona hiyo unaichukua kwa kasi," alisema baba. "Punguza."

"Baba," mshauri alisema.

"Samahani. Na taa ya kuashiria je? Anayekuja nyuma atajuaje unakata kushoto?"

"Baba yake!" mshauri alisema tena.

"Samahani. Hili gari ni la rangi gani, mama? Mwambie mwalimu rangi." Na wakati wote huo mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga mkeka, kanyaga, kanyaga, kila kigari kilipokaribia ukingo wa sanduku.

Meno aliacha gari, akaenda kona, akakaa ameupa chumba mgongo. Alikaa hivyo mpaka muda ulipokwisha.

Nje, kando ya gari la kufundishia, mshauri alisahau kila alichosomea kuhusu subira. "Umekuja kucheza au kutahini?" alimfokea. "Nimekwambia usifundishe, umefundisha. Nimekwambia usiulize, umeuliza. Una nini wewe? Mtoto atachukuliwa Jumatatu, unaelewa? Atalala bweni! Na wewe unataka taa ya kuashiria!"

Baba alikuwa anafuta kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na vumbi. "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kusema. Nikinyamaza nukta moja, mtu anaingia kwenye mtaro. Nimesema miaka yote hiyo, hakuna aliyekufa mikononi mwangu." Akakunja kitambaa. "Barabarani, namaanisha."

Mshauri akamwambia tu Ijumaa asikose, awahi kabla ya mwalimu mkuu, na tafadhali, kwa hisani yake, afunge mdomo.

Ijumaa baba alikuja amevaa shati la kupigwa pasi. Alikaa, akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mguu ulimshinda, lakini mikono ilitii. Meno alimtazama kwa muda mrefu. Safari hii hakwenda kwenye sanduku la mchanga. Alikwenda kwenye viti, akaviburuta kimoja kimoja, akapanga viwili mbele na kimoja nyuma. Akamshika baba yake kwa shati, akamketisha kiti cha mbele upande wa dereva. Akampa sahani ya plastiki ashike kama usukani. Akamwonyesha mshauri kiti cha nyuma. Kisha yeye akapanda kiti cha pembeni mwa dereva, kiti cha mwalimu, akaunyoosha mguu wake mfupi ukaelea hewani palipopaswa kuwa na breki.

Mshauri nyuma alijikaza asichekelee. Muhula mzima wa kuzungukazunguka mchangani, na sasa mtoto amewapakia wote ndani ya gari!

Meno aliashiria kwa kidole. Twende.

Baba alishika sahani. Alikohoa. Alitazama kulia, kushoto, na kwenye kioo kisichokuwapo. "Brrr," alisema kwa aibu, mtu mzima na ndevu zake. Gari likaondoka.

"Fungeni mikanda," akaongeza, maana mazoea yana taabu.

"Baba, fuata tu," mshauri alinong'ona kutoka nyuma. Wakaenda kidogo. Baba akavuta hewa kama mtu anayetaka kutoa somo la mzunguko wa barabara. "Usimfundishe," mshauri alinong'ona tena. "Mwache yeye." Na baba alipoigeuza sahani kabla ya kuonyeshwa, "Subiri akuonyeshe, baba, usiwahi, ndiyo, hapo, polepole..."

Meno aligeuka nyuma.

"Abiria hasemi na dereva," alisema.

Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta, lakini kila neno lilisikika. Muhula mzima alikuwa ameingoja sauti hiyo. Alikuwa ameiota, alikuwa ameshajipangia namna atakavyoipokea kwa utulivu wa kitaalamu. Na neno la kwanza la mtoto likawa la kumnyamazisha yeye, mwenye cheti ukutani, aliyekuwa anamfundisha mtu namna ya kutofundisha. Alistahili, na alijua amestahili. Akafunga mdomo, akashika magoti yake, akawa abiria.

Mbele, gari lilikuwa limeanza kuyumba. Baba alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikisema sentensi nzima tangu msiba. Machozi yalikuwa yameanza kumshuka mpaka kwenye ndevu.

Meno alimwona. Mguu wake ukapiga hewa. "Dereva halii," alisema kwa ukali. "Akilia haoni barabara. Tutagonga."

Baba akaganda.

"Usilie," alisema Meno, na sasa ukali ulikuwa umemtoka, sauti ilikuwa inaomba. "Mpaka tufike. Ulisema mpaka tufike."

Mshauri nyuma hakuelewa. Alitazama kisogo cha baba, akaona shingo ikishuka taratibu mpaka paji la uso likakaribia kugusa sahani. Baba alizungumza bila kugeuka, kwa sauti ndogo, na haikujulikana anamwambia nani.

"Siku ile tulitoka hospitali sisi wawili. Mama yake tumemwacha kule. Alikuwa anapiga kelele ndani ya gari, anapiga kioo, na mimi machozi yamejaa, barabara siioni, malori yanakuja. Nikamwambia, mwanangu, tukilia tutagonga. Tusilie mpaka tufike." Akavuta pumzi. "Akanyamaza palepale. Tulipofika nyumbani watu wamejaa uani, wananisubiri, kila mtu ana swali, jeneza, kaburi, nani kapigiwa simu nani bado. Nikamshusha garini nikamkabidhi kwa shangazi yake. Na nikamsifu mbele za watu. Nikasema, mwoneni mwanangu alivyo jasiri, hajalia."

Mshauri alikuwa na mambo kumi ya kusema, yote ya maana, yote kutoka vitabuni, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe katika shule hiyo ya watu wasionyamaza hakusema hata moja.

"Bado?" Meno aliuliza. Alikuwa anatazama mbele, barabarani, mahali ambapo palikuwa na ukuta wa rangi ya samawati na kabati la wanasesere. Mguu wake ulikuwa umechoka kuelea, ulikuwa unatetemeka. "Baba, bado tu?"

Baba alikanyaga breki. Alivuta breki ya mkono ambayo haikuwapo, akazima ufunguo ambao haukuwapo, akaweka sahani mapajani. Alifanya yote hayo kwa mpangilio, kama anavyowafundisha watu kila siku. Kisha akageuka.

"Tumefika," alisema. "Tulifika zamani, mwanangu. Baba alisahau kukwambia."

Meno alimkagua usoni, kama mwalimu anayekagua kazi ya mwanafunzi asiyemwamini sana. Akashuka kitini. Akasimama mkekani. Halafu akalia. Hakulia kilio cha watoto wa darasa la pili walioanguka uwanjani. Alilia kwa mwili mzima, akajiachia, na baba yake akamdaka kabla hajafika chini, wakakaa sakafuni wote wawili wakilia bila kubembelezana. Kilio kilipenya ukuta mwembamba, kikapita darasa la jirani, ambalo lilinyamaza ghafla na methali zake, kikatoka uwanjani.

Mwalimu mkuu akaingia mbio, tai imehamia begani. Alikuwa anakuja kuchukua shikamoo yake.

"Mmemfanya nini mtoto?"

Mshauri alisimama katikati ya mlango akamzuia asiingie zaidi. "Analia."

"Nasikia analia! Shule nzima inasikia! Nimekuomba maendeleo, mwalimu. Mtoto alikuwa kimya, sasa anapiga kelele. Hayo ndiyo maendeleo?"

"Ndiyo."

"Kulia ni maendeleo?"

"Ndiyo, mwalimu mkuu."

"Amesema?"

"Amesema. Amenifokea."

Mwalimu mkuu alitazama ndani juu ya bega lake. Hapo mshauri alihisi uchovu wote wa mwaka umemshukia. Kama mtu huyu angeuliza alama, kama angetamka tu neno hilo shikamoo, angemshika tai na kumtoa nje kwayo, kazi na iende. Lakini mwalimu mkuu hakuuliza. Alitazama viti vitatu vilivyopangwa, akamtazama mwanaume yule mzima amekaa chini na shati lake la pasi limelowa bega lote. Alirekebisha tai.

"Basi," alisema. "Jumatatu aje kama kawaida. Hapa hapa." Akageuka kuondoka, akarudi hatua moja, maana mtu haachi asili. "Ila mwambieni asije akalia darasani. Watoto wengine wanasoma."

Mshauri akavuta pumzi ya kumjibu, jibu refu, la vifungu. Baba alimtangulia. Hakuinua hata kichwa.

"Atalia," alisema kutoka sakafuni. "Popote itakapomjia, atalia, nanyi mtamngoja amalize."